Mzee wa Maktaba Anauliza Kama Utarudi

Louisville, 2 Februari 2025

Baba Josiane mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Huku tu wazima, ila mtoto Sipriani anakohoa. Wewe je, baridi ya Buffalo haijakumaliza?

Nilipeleka karatasi za kodi kwa yule mzee Mmarekani anayejazia watu bure maktabani. Dative wa kwaya alinitafsiria. Tukijaza pamoja, wewe na mimi, tunapata nafuu ya wafanyakazi wenye watoto. Nikijaza peke yangu nami ni mke wa mtu, inapotea. Basi tuma karatasi zako za kazi, na uniambie lini utakuja kusaini.

Mkeo,
Mama Josiane

Columbus, 9 Machi 2025

Mama Josiane,

Salamu nyingi. Mimi mzima. Watoto hawajambo?

Usishangae anwani. Nilihama Buffalo Novemba, niko Reynoldsburg, hapa kando ya Columbus, kazi ya huku ni nyepesi kidogo. Bon, kujaza pamoja sitaweza, usiniulize sababu. Tangu Mei mwaka jana silali hapo nyumbani. Mwambie huyo mzee aandike kwamba hatukai pamoja, wewe ndiye unalea watoto. Nafuu utaipata.

Baba Josiane

Louisville, 16 Machi 2025

Baba Josiane,

Amani kwako. Sipriani amepona.

Kumbe Columbus. Kutoka huko hadi hapa ni asubuhi moja tu ya gari. Krismasi niliwaambia watoto theluji ya Buffalo imekufungia njia, na mimi mwenyewe niliamini. Imeniuma sana.

Mzee anasema mume aliyeondoka kwa ajili ya kazi tu, na atarudi, bado anahesabiwa yuko nyumbani. Asiyerudi ndiye amehama. Donc lazima nimjibu, na siwezi kusaini uongo. Utarudi? Andika neno moja tu. Mwisho ni tarehe kumi na tano Aprili.

Mkeo,
Mama Josiane

Louisville, 14 Aprili 2025

Baba Josiane,

Natumaini u mzima. Hukujibu.

Dative alikuwa kazini leo, nikaenda na Josiane anitafsirie. Sikutaka, lakini siku zimekwisha. Mzee akauliza lile swali kwa upole, nikangoja mtoto anigeuzie kwa Kiswahili. Hakuligeuza. Alimjibu mwenyewe: “No.” Hiyo niliielewa.

Nikasaini.

Kwenye kituo cha basi nilimuuliza ni nani alimwambia kwamba hutarudi. Akasema hakuna aliyemwambia.

Mama Josiane