Jina Ulilomnyima Mjukuu Wako

Mitaboni

Kwako mama mkwe, Kithyoko,

Natumai mgongo umekuachilia na mbaazi zimeshika maua. Huku mvua imetosha, na ndama wa baba yangu amepona kuhara.

Mtoto wangu alipogeuza macho juu na mwili ukakauka kama ukuni, ulisema amerogwa. Msichana wa kwanza hupewa jina la nyanyake mzaa baba, lakini wewe ulikataa abebe lako. Ukatutupia nguo zetu barabarani.

Daktari hajaona uchawi. Anasema ubongo wa mtoto hautengenezi kemikali inayofanya mwili utii. Sasa anameza tembe za wazee wanaotetemeka, robo asubuhi, robo jioni. Juzi aliketi mwenyewe. Leo amenipokonya kijiko.

Daktari aliuliza kama ukoo umewahi kupoteza watoto hivyo. Nikamtajia wale wako watatu, uliowazika kabla hawajatambaa. Akasema ugonjwa huo mtoto huupata kwa baba na mama wote wawili. Sehemu yangu sikatai. Wale watatu, Mama, waliupata kwako na kwa mzee. Haukutoka kwa Nthambi, mke mwenzako, uliyemfukuza kwa mawe ukimwita mchawi, akafia sokoni kwa njaa.

Jina lako ulimnyima mtoto, kwa hivyo Jumapili tulimbatiza kwa lingine. Ukitaka kumwona, karibu. Lakini simama mlangoni umwite mwenyewe, kwa sauti: Nthambi.

Ni mimi, mke wa mwanao,
Mutheu