Barua Niliyoandika Kuhusu Kanisa Letu

Masama, Jumapili

Sijamwambia. Leo nilipata nafasi kabisa, na sikumwambia.

Baada ya ibada ya mwisho katika kanisa letu tulitoa mabenchi na msalaba, tukavipakia kwenye pikapu viende usharikani, ng'ambo ya korongo. Tumebaki waumini kumi na mmoja, wazee watupu. Vijana wako Moshi na Dar, na paa limeoza. Sijui kama kulikuwa na njia nyingine.

Bibi Ndeshukurwa, aliyebatizwa humo na kumuaga marehemu mumewe humo, alikataa kuinuka kwenye benchi lake. Nikachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, bibi. Tunaomba benchi."

"Marahaba, mwinjilisti. Miguu hii itanifikisha ng'ambo?"

"Nitakuja na mchungaji nyumbani kila mwezi, ushiriki Meza ya Bwana."

"Na kuimba je? Niimbe na ng'ombe?"

Akauliza ni nani aliyewaandikia wakubwa kwamba tufungiwe kanisa. "Huyo mtu hatujui sisi," akasema. "Angetujua asingeandika."

Barua ile niliandika mimi. Niliamini ni haki, na bado naamini, lakini leo haikunisaidia chochote. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaishia kuomba tena benchi.

Akanishika mkono, akainuka taratibu, akaniombea kwa Kimachame pale pale mbele ya wote. Alimshukuru Mungu kwa kuwapa mtumishi ambaye hakuwaacha.

Wote wakaitikia amina. Na mimi nikaitikia.