Mguu Usiosikia

Lubumbashi, Jumatano mchana

Kwako yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu za mdogo wako Kasereka, ambaye bado anapumua na bado anakula, ingawa chakula cha hapa ungekionja ungeomba kuonyeshwa mpishi. Habari za nyumbani? Magoti yako yanasemaje na baridi hiyo ya Butembo? Na kikohozi cha Mama, kimepungua, au bado anakohoa ndani ya shuka ili msimlazimishe kunywa dawa? Shemeji amemaliza kuezeka jiko, au bado mvua inawasaidia kujaza sufuria? Siulizi kwa desturi tu. Nimelala hapa siku ya tisa na nawaza nyumba yenu chumba kwa chumba.

Sasa, kama Mama yuko karibu, ikunje barua hii, uiweke kifuani, uendelee baadaye. Ningepiga simu, lakini nyinyi simu yenu mnaiweka mezani kwa sauti kubwa na ukoo mzima unajibu. Ndiyo maana nimeandika. Mke wa tajiri wangu anapanda ndege kesho pale uwanja wa Luano, anakuja huko kumwona mama yake, na ameniahidi kukupa bahasha hii mkononi mwako kabla ya Jumapili.

Mwezi uliopita niliposema niko mzima, nilidanganya. Nina sukari, yaya. Ile ile ya Papa, baba yetu. Niliigundua mwaka jana, nilipokuwa nakunywa maji kama mtu aliyekula chumvi ya duka zima. Daktari akanipa vidonge, akaniambia nipunguze bukari, ndiyo wanavyouita ugali hapa, na nitembee kila siku. Wenzangu dukani walipoona nala bukari kidogo wakasema natafuta mke. Nikawaacha waamini hivyo. Ugonjwa ulioingia nyumbani kwetu mara moja sikutaka mtu aujue kwa jina.

Kutembea nikakupenda, sikufichi. Jumapili baada ya misa nilikuwa nazunguka kule Karavia, na huko nikakutana na kikundi cha watembea kwa miguu. Kiongozi wao ni bwana Ilunga, mwalimu wa hesabu kule Kasapa, mtu mwembamba asiyenyamaza. Mwingine ni mama Ngoie, muuguzi mstaafu, ana miaka zaidi ya sitini na anatupita sote mlimani. Wakapanga safari ya siku saba kwa miguu, kutoka Kasapa mpaka maporomoko ya Lofoi, kule Kundelungu. Waliuliza kila mmoja kama ana ugonjwa wowote. Zamu yangu ilipofika nikasema ugonjwa wangu ni ukapera. Wakacheka, na swali likapita.

Siku mbili za kwanza nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu nije mji huu. Njia inapita kwenye msitu mwepesi wa miti mifupi, udongo mwekundu, vichuguu virefu kunipita. Nilivaa buti za wachimba madini nilizonunua kwenye tombola, yaani mitumba, zenye chuma puani. Nilijivunia zile buti kama bwana harusi. Wengine walilalamika malengelenge, mimi kimya. Bwana Ilunga akawa ananiita kwa kabila letu na kunitumia kama mfano: "Muone Munande! Ba Butembo beko bantu ba nguvu. Uyu hata haseme aïe!" Nami nikavimba kichwa. Ningejua kwa nini sisemi aïe, ningekaa chini palepale nikalia.

Siku ya tatu asubuhi tulipita mahali ambapo watu walikuwa wamechimba shaba kwa mikono, wakaacha mashimo. Nikaokota kijiwe cha kijani, kikubwa kama punje mbili za maharage, chenye ncha. Huku watu hawakitazami, lakini mimi bado ni mgeni wa kijani kile. Nikasema hiki nitampelekea yaya Masika. Mbele kidogo tukafika kwenye kijito chenye maji ya magotini. Nilikuwa nimevaa kaptula isiyo na mifuko, kwa hiyo nikavua buti na soksi, nikakitia kijiwe ndani ya soksi ya kulia, nikazisokomeza soksi ndani ya buti, nikazifunga kamba, nikazitundika shingoni, nikavuka.

Upande wa pili mawingu yalikuwa yametanda na bwana Ilunga anapiga kelele tuharakishe. Nikavaa soksi, nikavaa buti, nikafunga, nikaondoka.

Najua unaelewa tayari. Mimi sikuelewa. Nilitembea juu ya kijiwe kile mpaka saa kumi alasiri. Nilipanda vilima viwili nacho. Nilimbebea mama Ngoie mfuko wake mwendo mrefu ili nimwonyeshe nguvu zangu. Nilikuwa naimba, yaya.

Tulipofika kwenye kijiji ambapo tungelala, jua bado liko juu, nilikaa kwenye gogo nikavua. Soksi ilikuwa nyeusi na nzito. Nikadhani ni maji ya kijito. Nikaikamua, na kilichotoka hakikuwa maji. Nikageuza mguu kutazama unyayo, nikaona kijiwe kimekaa ndani ya nyama chini ya kidole gumba, kimetulia kana kwamba kilizaliwa pale. Nikakitoa kwa vidole. Sikusikia kitu. Hofu iliyonishika haikutoka kwenye damu. Damu nimeiona. Niliogopa kwa sababu nilikuwa nangoja maumivu yaje, na hayakuja.

Mama Ngoie alikuwa anapita na sufuria. Akasimama.

"Hii damu inatoka wapi?"

Nikamwonyesha kijiwe. Akakitazama, akanitazama.

"Ulikanyanga hii tangu asubui, na haikuluma?"

"Haikuuma, mama."

Akaweka sufuria chini. "Uko na diabète, weye?"

Ndiyo sukari, kwa Kifaransa. Akachukua kijiti kigumu, akapiga magoti mbele yangu, mwanamke wa umri ule. "Funga macho. Kila mara nakugusa, useme ndiyo."

Nikafumba macho. Nikangoja. Nilisikia kuku wa watu, nilisikia mtu anapasua kuni. Nikamwambia, "Anza basi, mama."

"Nilishamaliza, papa," akasema.

Kisha akanigombeza, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili na kwa kitu kingine nisichokijua. "Juu ya nini haukusema? Tulikuuliza! Mon Dieu, mutu na sukari, na buti ya tombola, mu pori!" Huku ananigombeza ananiosha kwa maji yaliyochemshwa, anafunga kidonda kwa kitambaa safi. Bwana Ilunga alikuja na utani wake mdomoni, akauona mguu, akaumeza ule utani.

Kesho yake asubuhi mguu ulikuwa umevimba na kuwa na joto. Simu hazishiki kule. Kulikuwa na mbeba makaa, mmoja wa wale wanaosukuma baiskeli zenye magunia matano kwenda mjini. Alishusha magunia yake yote, akayaacha chini ya ulinzi wa bwana Ilunga, akanipakia mimi. Alisukuma nusu siku, na mama Ngoie akitembea nyuma, mpaka barabara ya magari. Kila kwenye shimo alikuwa anasema, "Muguu isiguse chini, ba papa, muguu isiguse chini." Mimi nilichokuwa nafanya ni kuinama na kunusa. Unakumbuka harufu ya chumba cha Papa. Nilikuwa nainusa njia nzima, na sikujua kama inatoka mguuni au kichwani mwangu. Barabarani tukapata lori, na kabla ya giza nikawa kwenye kitanda hiki cha hospitali.

Tangu siku hiyo wananisafisha asubuhi na jioni. Manesi ni wema. Mmoja ananiita "mutembezi", na mimi nacheka ili asijue naogopa. Lakini kila wanapofungua bandeji naangalia ukutani, halafu naangalia uso wa nesi, halafu ukutani tena. Jana uso wa nesi ulibadilika. Akamwita daktari.

Daktari ni kijana, anasema polepole. Amesema mfupa wa kidole gumba umeoza, na Jumatatu saa mbili asubuhi atanilaza aukate. Kidole kimoja, yaya. Kidole ningekitoa leo kwa meno yangu. Lakini akasema pia kwamba hajui uozo umefika wapi mpaka afungue. Akikuta umepanda, atalazimika kukata chini ya goti, palepale, bila kuniamsha. Nimeshatia sahihi yangu kwa yote mawili. Lakini hapa kwa kukata mguu wanataka na neno la ndugu wa damu. Mama Ngoie alisema yeye atasaini, wakamwambia si ndugu. Wakaniuliza mtu wangu ni nani. Nimewapa namba yako.

Naogopa, yaya. Naandika hivyo wazi kwa sababu siku tisa nimekuwa nacheka na kila mtu. Naogopa kuamka na kutazama shuka. Naogopa kusimama dukani kwa mkongojo, mimi niliyekuwa nabeba magunia ya chumvi mawili mawili. Lakini zaidi ya hayo naogopa kungojwa.

Sijawahi kulisema hili, na wewe hujawahi. Siku ile daktari alipoleta karatasi ya kumkata Papa mguu, Mama alilala chini akasema hawezi kumzika mume nusu. Karatasi ikaja kwako kwa sababu wewe ni wa kwanza. Ulikuwa na miaka ishirini na miwili, kalamu mkononi, Mama amekushika miguu. Ukasema tusubiri kidogo. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na mimi pia niliomba moyoni useme vile. Tulisubiri siku kumi na mbili. Walipomkata, sumu ilikuwa imeshapanda. Sijawahi kukulaumu hata siku moja, na nimekuona tangu siku hiyo unavyopita mbali na hospitali ile hata ukiwa na mtoto mgonjwa, unazunguka kwa njia ya soko. Sote tulifanya lile, wewe ulikuwa tu na kalamu.

Sasa nisalimie watu wetu. Mama mwambie niko mzima na kazi ni nyingi. Ni uongo wa mwisho, ukweli nitamwambia mwenyewe nikiwa na uso wa kumtazama. Msalimie shemeji, baba wa watoto wako, na umwambie jiko lisiloezekwa si jiko. Msalimie yaya Paluku, kaka yetu anayekufuata wewe, huko kwenye kahawa zake, lakini usimweleze kitu, maana atapanda lori siku hiyo hiyo. Msalimie shangazi wa pale mtaa wa juu, aliyeniombea nipate mke, mwambie aendelee kuomba na asichague sana. Watoto wako wote uwashike vichwa kwa ajili yangu.

Na wewe, yaya, Jumatatu uichukue simu mezani mapema, uiweke mfukoni mwako. Ikiita na ukasikia sauti ya mtu usiyemjua, toka nje, pita mpaka nyuma ya migomba. Atakueleza polepole, ndivyo alivyo. Atakuuliza mara moja. Wakati huo nitakuwa nimelala, siwezi kukusaidia kujibu. Usimwite Mama. Usipige simu kwa yaya Paluku. Usiombe dakika moja ya kufikiri, mimi nimefikiri kwa ajili yetu wawili.

Sema ndiyo. Ulie baadaye.

Mdogo wako akupendaye,
Kasereka