Niliamuru Sauti ya Mwanangu Ifutwe

Mshauri wetu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi marahaba, sipendi kumvunjia mtu heshima wala kuvunjiwa. Nakuomba unisaidie. Naandika kwa mkono wangu, nilisoma kisomo cha watu wazima tu lakini sina haja ya kuandikiwa, na jambo hili sitaki mtu wa hapa Chiungutwa alijue kabla hujanijibu.

Mimi ni kungwi, mwaka wa ishirini na sita huu nafunda wasichana, na hakuna mwali wangu aliyerudishwa kwao kwa kukosa adabu. Mwanangu Winfrida alikuwa mwalimu wa sekondari, akaugua muda mrefu, na alipoona hatafika siku ya kuchezwa unyago binti yake Julia aliazima kamera ya shule, akajifungia chumbani pamoja nami, akamsemea mwanawe yale maneno ya mama kwa mwali, ambayo mwanamume hayasikii hata akiwa padri, kisha akayaweka kwenye kompyuta yake akaniambia, "Mama, Julia akitolewa ndani mwonyeshe, anisikie na mimi, asikusikie wewe peke yako, wewe una mdomo mkali." Tukacheka. Wiki ya tatu nikamzika.

Sasa Julia anachezwa Desemba hii, shule zikifungwa. Deki ya jirani haisomi vitu vya kompyuta, ikabidi niifunge mashine ya marehemu kwenye baiskeli mpaka Masasi mjini kwa fundi Sadallah. Akaniamkia vizuri, akaiwasha, akasema, "Bibi, hii ina Linux, haina Windows, wengi hapa mjini wangekurudisha nayo nyumbani, mimi naijua. Ila video hii lazima igeuzwe ndipo deki iisome, na sehemu ya CD kwenye mashine yako imekufa kwa vumbi, kwa hiyo nitaipitisha kwenye huu waya iende mashine yangu ile pale, nigeuzie huko na CD nichomee huko huko." Nikamwambia fanya, ila usitazame wala usisikilize. Akasema, "Mimi nageuza tu, Bibi." Wanaume wote husema mimi sikusikiliza.

Mara namwona mwanangu, yule yule niliyemzika, ametokea kwenye mashine ile nyingine na anaanza kusema, na mbele yake amekaa Halfani muuza mbolea aliyekuja kuchapa barua, amekodoa macho! Nilipiga kelele duka zima likasimama, nikasema, "Ondoa hiyo sauti! Mnatafuta nini kwenye mambo ya wanawake, hamkufunzwa kwenu?" Sadallah akauliza, "Niiondoe kabisa, Bibi? Maana kwenye CD itabaki picha peke yake." Nikamjibu, "Kabisa! Na ukimaliza futa kila ilipopita, kwako na kwangu." Akauliza tena, nikamwambia mimi siulizwi mara mbili na mtoto wa juzi. Mshauri, kweli nilidhani sauti inawekwa kando, kazi ikiisha inarudishwa, kama unavyoepua chungu ukakirudisha jikoni.

Nilipoiweka CD kwenye deki Winfrida alikuwepo, amekonda, midomo inakwenda, ananyanyua kidole kama anavyofanya akikataza, na hakuna kitu. Nimemtazama mara nne sikio langu likiwa limegusa televisheni.

Hasira zikanishika, siku ya gulio nikarudi Masasi nikamwita Sadallah mwizi mbele ya watu, nikasema amekula sauti ya marehemu. Hakunijibu ila, "Pole na msiba, Mama Winfrida." Sasa nasikia wateja wanapita mbali na duka lake. Na Julia kila siku ananiuliza, "Bibi, mama amekuwa tayari?" namjibu fundi kaharibu. Niendelee hivyo hivyo? Kungwi akisema amekosea, mwali atamsikiliza tena? Na ile mashine nataka nimpe mjomba wake Nikolao, anasema ataweka Windows aitumie, maana mimi nikiiona silali.

Kungwi, Chiungutwa

JIBU

Shikamoo Mama Winfrida, umenizidi. Pole sana. Kumtazama mtoto wako anasema usimsikie, sijui nikupe neno gani la kukufariji, kwa hiyo sitajaribu.

Kulinda mambo ya wanawake si kosa, nami nilichezwa. Lakini fundi alikuuliza mara mbili, wewe ukaona kuulizwa ni dharau. Kisha ukaenda kumvunjia jina lake gulioni ili lako lisiguswe. Hapo hukuwa unalinda unyago, mama, ulikuwa unajilinda wewe.

Nikolao asiiguse hiyo mashine. Isiwashwe hata kwa kujaribu. Nimemuuliza mtu anayezijua Linux, anasema kilichofutwa hakiondoki papo hapo, hukaa pale pale mpaka kingine kiandikwe juu yake, na mjomba akiweka Windows ndiyo basi. Huenda sauti ikapatikana, na huenda isipatikane, nisikudanganye.

Leo hii mwambie Julia, kabla hujaifunga mashine kwenye baiskeli. Ukingoja kwanza uone kama sauti imerudi, utakuwa unamsimulia bahati yako tu, si kosa lako. Mwambie: mimi ndiye niliyeamuru. Akilia mwache alie, usimkaripie.

Kisha nenda Masasi siku ya gulio, simama pale pale uliposimama, na kama ulivyopaza sauti siku ile paza tena, useme Sadallah hakuiba kitu. Halafu ndipo umwombe ajaribu kuirudisha sauti. Ana zile spika za kuvaa masikioni, zivae wewe, yeye afanye kazi ya mikono, na kikisikika chochote utakisikia peke yako.

Isipopatikana, wewe ulikuwa chumbani siku ile. Siku ya Julia washa hiyo picha, kaa kando yake, umsemee mwali maneno ya mama yake kama alivyoyasema, bila kuongeza ukali wako. Na pale ulipoyasahau usitunge. Nyamaza, mwache atazame midomo.