Kikohozi cha Stoo

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. U hali gani, na lile goti limepata nafuu? Mimi kwa rehema za Mungu sijambo. Cherehani inazunguka, sare za shule zimejaa mpaka kitandani.

Dada, nina neno limenikaa kooni. Wiki iliyopita mwalimu wa Kifungo, huyu kitindamimba wangu, aliniita akisema mtoto anakohoa sana darasani. Nikampeleka kwa daktari. Akamgonga mgongo, akamsikiliza, akasema kifua hiki ni kizima kuliko chake yeye. Mwalimu hakuridhika, akamvizia. Kumbe mtoto hukohoa pale tu mkono unapoingia ndani ya deski. Walipolifunua wakakuta biskuti, nusu mkate, na sisimizi wa kutosha kufungua shule yao. Wenzake walishampa jina, Panya.

Nikaitwa tena. Nilimgombeza mbele ya mwalimu, nikamuuliza tabia hii ya kula kwa kujificha kaitoa wapi. Nikamwapia mwalimu kwa jina la Mungu kwamba kwetu tunakula mezani, wazi, baada ya sala. Kifungo akanitazama kidogo, akainamisha kichwa, akasema hakuna aliyemfundisha.

Dada, wewe unakijua kikohozi kile. Ni cha mama yetu akiwa stoo, mlango kaurudisha, anakula peke yake. Tulikuwa tukicheka kwamba kifua cha mama huugua siku sukari ikinunuliwa. Lakini mama alikuwa na vinywa saba vya kulisha, asingejificha asingepata hata tonge. Mimi je? Unga ninao, mume wangu hanipimii. Na bado kila alasiri najifungia kwenye chumba cha vitambaa, natoa biskuti ndani ya kopo la vifungo, nakohoa ili karatasi isisikike. Miaka yote hii nilidhani hakuna ajuaye.

Siku hizi Kifungo anakula mezani, anatafuna kwa sauti ili nimsikie. Na jana nilipojifungia nikakohoa, nilimsikia akiongeza sauti ya redio, baba yake asije akasikia.

Kwa Mungu nimeshatubu kile kiapo cha uongo. Kwa mtoto wa miaka tisa ulimi hauinuki, dada, nakwambia kweli. Wewe nawe ulikuwa nayo, lakini sasa unakula sahani moja na wanao. Uliiachaje tabia hii, na mimi nianzie wapi kumwambia wangu? Nisalimie nyumba nzima. Tafadhali nijibu upesi.

Mdogo wako,
Fundi