Mikono ya Kwenye Video

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. U hali gani, na Mama kaamkaje? Mimi ni mzima wa kula na kutembea, ila roho haijatulia, ndiyo maana nimeshika kalamu. Najua utasema Kiherehere kaandika barua na simu anayo. Kwenye simu ningekata katikati nikasingizia mtandao. Nakuomba uisome ukiwa umekaa.

Shangazi alinipitia Jumapili akanipa habari za huko. Kasema Mama sasa anaweza kushika kikombe kwa mkono wa kulia, mradi kisijae, lakini dole gumba bado halisikii hata sindano. Cherehani mmeifunika shuka, na Mama anawaambia wateja kwamba imestaafu kabla yake. Shangazi alicheka alipokuwa akinisimulia, kisha akafuta macho.

Halafu akaniambia jambo lililonikosesha raha mpaka leo. Kwamba tangu siku ile uliyomnyoosha bega humgusi Mama. Unapika, unafua, unampeleka kliniki, lakini kumwogesha na kumsuka umemwachia Shangazi. Mama akikuita umfunge kanga, unajibu kwamba mikono yako imelowa. Shangazi anasema Mama alimuuliza kwa sauti ya chini kama siku hizi ananuka.

Dada, najua unachojiambia. Mama aliteleza bafuni akadai ni bega tu limekaza, na wewe siku mbili ulimwona akishonea mkono mmoja ukashindwa kuvumilia. Ukatafuta video ya kunyoosha bega. Ulinieleza yote kwenye simu huku unalia: haina uso wala sauti, muziki tu, mikono miwili na taulo lenye mistari ya buluu lililokunjwa chini ya kiwiko. Dakika moja na nusu. Ukasema ilikuwa mikono ya mtu anayejua kazi yake. Tena hukukurupuka, ulimwandikia mwenye video kwamba mgonjwa ni mama yako na ameanguka, naye akakujibu: anza taratibu, asikaze bega. Ukamvuta mkono taratibu. Mama alipiga ukelele mmoja. Picha ya eksirei ikaonyesha kwamba mfupa ulikuwa umepasuka tangu alipoanguka, na ule mvuto ukausogeza ukabana mshipa wa fahamu.

Nami nikakukaripia. Nilikwambia kwamba mimi nashinda hospitali kwenye chumba cha tiba ya viungo, nawaona kila wiki watu walioharibiwa na video za ovyo, na kwamba siku hizi kila mwenye simu ni daktari. Ukaniomba radhi. Wewe mkubwa wangu, uliyenibeba mgongoni, uliniomba radhi mimi.

Kikulacho ki nguoni mwako, dada. Mikono ile ni yangu.

Taulo lile ni la kazini kwetu. Ulipolitaja nililijua papo hapo, nikajitia hamnazo, nikakukaripia ili usinishtukie. Video ile niliiweka kwenye ukurasa usio na jina langu, na mwanzoni ilikuwa ya dakika saba. Dakika tano na nusu za mwanzo nilikuwa naongea: mgonjwa ameanguka? Kuna uvimbe, au wekundu, au weusi? Anaweza kuinua mkono mwenyewe? Ikiwa ameanguka, usimguse, mpeleke akapigwe picha. Waliitazama watu thelathini na mmoja. Mwenzangu wa kazini akanitania kwamba nahubiri, na kwamba watu wanataka kuona bega likilegea. Basi nikakata maneno yote nikabakiza mikono, nikaweka muziki. Kwa wiki moja wakaitazama watu laki mbili, nami kichwa kikavimba. Maswali yakawa mengi, sikuwa nayasoma hadi mwisho. Wote niliwapa jibu moja lile lile.

Bado kuna moja, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Siku ile, kabla hujaenda mtandaoni, ulinipigia mimi mara tatu. Hukuwahi kunilaumu kwa hilo, na nilikwambia nilikuwa na wagonjwa. Sikuwa na mgonjwa hata mmoja. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, nikiona jina lako linawaka, na kila mara nililisukuma pembeni ili nimalize kuwajibu watu nisiowajua. Baadaye siku ile ile mmoja wao akawa wewe, kwa jina la mtandaoni ambalo sikulitambua.

Video nimeifuta, lakini wengine walishaichukua na bado inazunguka, mikono yangu ikifundisha nusu ya kazi. Nimewaandikia waitoe. Wawili wameitoa.

Jumamosi nitakuja kumwambia Mama mwenyewe. Ukinifungia mlango sitalalamika, nitakaa kibarazani mpaka jioni. Unichukie, nimestahili. Ila usiichukie mikono yako, dada. Ilifanya ilichofundishwa, na aliyefundisha ni mimi. Nakuomba kabla sijafika umwogeshe Mama. Bega liache, mguse kwingine kote. Mwambie hanuki.

Msalimie sana, na Shangazi, na wote wa nyumbani. Nawabusu mikono.

Mdogo wako,
Kiherehere