Sindano Iliyosingiziwa Vipele

Mjukuu wangu Salma,

Huku Karama sote wazima, na babu yako bado ananinyang'anya gazeti kila asubuhi. Unauliza kama ukatae sindano za penisilini za moyo wako, kwa kuwa ukoo wetu haupatani na dawa hiyo.

Nilimtafuta daktari mmoja Mkenya anayeona wagonjwa kwenye skrini ya simu, nikaingia tayari kwa ugomvi.

"Nilichomwa sindano hiyo utotoni nikajaa vipele mwili mzima. Unataka ushahidi gani?"

"Nani mwingine nyumbani alipata vipele, mama?"

"Kaka zangu wote. Surua ilikuwa imeingia mtaani."

"Nao walichomwa?"

"Hapana, mimi tu," nikakiri, na hapo nikaona kuwa hata vipele vyangu vilikuwa vya surua.

Akanielekeza kliniki, nikapewa dozi ndogo ya penisilini huku wakinitazama. Sikuwashwa popote.

Mama yangu aliona mwanawe anaungua kwa homa, akailaumu sindano. Ningefanya vivyo hivyo. Alitukataza dawa hiyo kwa mapenzi, usimcheke.

Mweleze daktari wako haya, akupime, kisha uchomwe. Moyo huo nautaka upige miaka mingi, uje unibishie mpaka nishindwe.

Bibi yako,
Mwanaidi